Sifuri Nne

Wenye stempu za korongo na sokwe wa mlimani
hunitazama kama mtu aokotaye maganda ya karanga sokoni
akayapanga kwa ukubwa.
"Wepukhulu," husema, "hizi si stempu. Ni risiti."
Sawa. Ni risiti.
Wino mwekundu, uliopigwa na mashine
kwenye pembe ya bahasha ya kaki:
duara la mji na tarehe,
mraba wa bei wenye meno ya panya,
na namba ya mashine, ndogo,
ya kusomwa na asiye na haraka.

Mimi sina haraka.
Nilikuwa tarishi Mbale, ofisi ya ushirika wa kahawa,
miaka ambayo barua ilikuwa na uzito:
Khainza aliilaza mizanini, akakunja uso,
akazungusha namba kwa kidole gumba,
akavuta mkono wa chuma, kraap,
ikatoka upande wa pili
imekwisha kulipiwa, haina la kujitetea.

Mwanzoni nilikata karibu mno na wino.
Oboth wa Tororo alinijibu kwa kadi ya maneno mawili:
"Umemnyoa, umemwua."
Tangu hapo naacha vidole viwili kila upande,
muhuri upate pa kupumulia.

Oboth ana saruji, reli, hospitali ya misheni.
Mimi nina kahawa, nina chai ya Fort Portal,
nina benki iliyofungwa kabla ya kunipa mkopo.
Tunabadilishana kwa barua.
Juzi binti wa dirishani posta aliniuliza,
kwa huruma: "Mzee, ni ya kesi?"

Leja yangu ni ile ya kupokelea kahawa;
kwenye safu ya magunia nimebandika miaka.
Fungua themanini na kitu
uone bei ikikimbia kama mtu aliyevamiwa na nyuki:
tano, hamsini, mia tatu,
hadi vidirisha vya namba vikajaa
wakapiga mihuri mitatu, bega kwa bega, bahasha moja.
Kisha sifuri mbili zikakatwa,
na asubuhi sote tukawa maskini kwa hesabu fupi.
Stempu za ndege hazisemi hayo.
Ndege wamekaa tu matawini.

Mjukuu wangu Neumbe anataka kujua ipi ghali.
Namwonyesha ya ukurasa wa mwisho, isiyotiwa gundi.
0000.
Mbale, 9 Aprili 1979.

Kila asubuhi Khainza aliijaribu mashine
kwa kipande cha karatasi, namba zote sifuri,
aone kama wino umeamka.
Vipande alivitupa; mimi niliviokota.
Hiki hakukitupa.
Alikikunja, akanitilia mfukoni mwa shati,
akaifunika mashine kwa kanga,
akasema, "Leo hakuna posta."
Nje malori yalielekea barabara ya Tororo, yamejaa magodoro.
Alipanda la tatu.

"Lakini bei yake?" Neumbe hachoki.
Imeandikwa hapo. Soma.
"Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri."
Basi.

Oboth amekiomba mara nne.
Mara ya mwisho alitoa mashine yenyewe, mashine nzima!
Kaikuta stoo ya kiwanda
ikizuia mlango usibamizwe na upepo.
Usiku ule sikulala.
Niliusikia mkono wa chuma, kraap, kraap,
nikahesabu nitakachopiga, na tarehe nitakazoweka,
na zote zilikuwa za nyuma.

Kulipokucha nikamwandikia: hapana.
Nikaipeleka posta. Binti akaipima,
akalamba kidole, akabandika stempu ya korongo,
akaisugua kwa gumba mpaka ikashika.
Ndege mzuri, kwa kweli.
Hana tarehe.